Nataka kuwa suka (dereva) wa basi kubwa, nipo Dom, naanzia wapi wakuu?

Kirikuu_Nzuguni:

Wakuu habari za saa hizi,

Mimi ni kijana wa miaka 27 nipo Dodoma hapa, nakaa Nkuhungu, nna mke na mtoto mmoja wa mwaka na nusu. Leseni ninayo, daraja D toka 2020, na miaka yote hiyo naendesha kirikuu ya mtu, kile kigari kidogo cha mizigo, nabeba mizigo ya soko la Job Ndugai, nyanya, vitunguu, viroba vya mchele, saa zingine mtu kahama chumba namhamishia vyombo. Sasa mnajua lile soko na stendi kuu ya Nanenane ni pua na mdomo, kwa hiyo kila alfajiri nikiwa nasubiri mzigo nayaona mabasi yanatoka moja moja taa zimewaka, suka kakaa kule juu na shati lake jeupe na tai, anagusa honi kidogo tu huyo anaingia barabarani, yaani moyo unaniruka. Toka mdogo naitaka hii kazi, nilikuwa nashika mfuniko wa sufuria la mama naendesha uwanja mzima honi napiga kwa mdomo, sitanii.

Sasa kuna jamaa mmoja hapo hapo stendi kaniambia nimpe laki tatu na nusu ananitolea daraja C ndani ya wiki mbili, na cheti cha PSV, kile cha kuendesha magari ya abiria, humo humo, mimi nisiende darasani wala nini, kazi yangu ni kwenda kupiga picha tu. Hela ninayo, ipo kwenye kibubu, nimeikusanya kwa shida sana. Nauliza hiyo imekaaje? Na kama haifai basi njia yenyewe ni ipi maana nikiuliza watu kumi napata majibu kumi, huyu anasema anza ukonda, huyu anasema nenda kwenye malori, huyu anasema mabasi yameshakufa toka treni ya SGR ifike Dodoma. Na mke wangu ndo hataki hata kusikia, anasema madereva wa mabasi wana mke kila stendi 😂

Natanguliza shukrani. Wenye matusi piteni mbali.

Bwana_Mlenda:

Laki tatu na nusu nunua mbuzi mkuu. Mbuzi hapigwi tochi, hapiti mizani Nala, na akichoka unamla. Ngoja nikae hapa pembeni nisubiri wataalamu waje.

Mzee_wa_Saranda:

Mbukwa mwanangu.

Nimeendesha basi miaka 19, nimeacha mgongo ulipokataa, kwa hiyo nakujibu kama ninavyomjibu wa kumzaa mwenyewe. Hiyo hela iache huko huko kwenye kibubu. Sikutishi na polisi, ingawa ujue cheti cha kununua ukikamatwa nacho ile ni kesi ya kughushi, siyo faini ya elfu thelathini unayopewa kontrol namba ukalipa ukaenda zako. Daraja C ni la basi la abiria 30 kwenda juu, na kwa utaratibu hulipati mpaka uwe umekaa na C1 (ya mabasi madogo kama kosta) au E (ya malori) si chini ya miaka mitatu. Wewe una D. Siku mtu akifungua mfumo aangalie historia yako anakuta D, halafu fyuu C, katikati hakuna kitu. Utamjibu nini? Na tuseme hakuna aliyeangalia, tajiri kakuamini kakupa basi lake. Haya, Saranda utaishukaje?

Ngoja nikueleze Saranda maana ndiyo imenipa hili jina. Ukitoka Manyoni unakuja Dodoma kuna sehemu nchi inaisha, barabara inadondoka kuelekea Kintinku na bonde la Bahi. Kirikuu ukiikanyaga inasimama, ina uzito gani ile. Basi lina tani zake kumi na kitu, watu hamsini na ushee, na huko chini buti zimeshona magunia na matenga ya kuku. Ukianza kulikalia breki toka juu, kufika katikati breki zimeshapata moto, zinanuka kama kandambili inaungua, abiria wanaanza kutazamana, unakanyaga pedeli ipo lakini gari halisikii tena. Waliotufundisha walikuwa na amri moja, mlima unaushuka na gia ile ile ambayo ungeupandia. Na gia unaiingiza kabla hujaanza kushuka, usisubiri gari lishaanza kuserereka maana hapo gia ikigoma kuingia umebaki nyutro, na nyutro kwenye mteremko ni jeneza. Unaacha ekzosti breki, ile inayotumia injini kulizuia gari, ifanye kazi yake, mguu wako unagusa na kuachia, unagusa na kuachia, huku umekaa kimya hupigi stori na mtu.

Kuna mwaka nilipanda na kijana mmoja kama abiria, kampuni nalimeza jina, nikamsikia anatoa gia pale juu kabisa. Anashuka nyutro! Kumbe tajiri alikuwa anawapimia mafuta, yakibaki ni ya kwao, kwa hiyo anaokoa lita mbili tatu kwa roho za watu hamsini. Tulipofika Kintinku nilimwambia nishushe. Akaniuliza mzee si unaenda Dodoma, nikamwambia ndiyo naenda Dodoma, ila siyo na wewe. Nauli sikudai na magoti yalikuwa yanacheza.

Kitu kingine ambacho mtu wa kirikuu hakijui. Wewe hapo umeikalia tairi, matako yako na tairi ya mbele ni sehemu moja. Haya mabasi yenye injini nyuma, dereva anakaa MBELE ya tairi za mbele. Ukifika kona unaipita kwanza, wewe mwenyewe unaning'inia juu ya mtaro hadi abiria wa siti ya mbele anashika roho, ndo unakata usukani, na huku nyuma mkia nao unafagia upande wa pili. Mimi nilitoka kwenye lori, wiki yangu ya kwanza nikakata mapema kama nilivyozoea, pale Jamatini enzi hizo ndo stendi, tairi ya nyuma ikapanda ukingo ikasaga ndoo mbili za zabibu za mama mmoja. Nililipa zote mbili, na yule mama mpaka leo tukikutana ananiuliza leo unaendesha au unakamua.

Njia niliyopita mimi ni utingo, kisha lori, nikapata E, ndipo basi. Nakushauri hiyo. Lori linakufundisha uzito.

Konda_Chang'ombe:

Mzee shikamoo. Kwenye Saranda sibishani na wewe, ila kwenye lori nakataa kidogo kwa heshima zote.

Mkuu mtoa mada mimi nilikuwa konda wa kosta miaka sita, mjini kwenda Ihumwa mpaka Mtumba huko mji wa serikali, sa hivi nina C1 naendesha kosta hiyo hiyo niliyokuwa nagonga bodi. Lori linafundisha uzito sawa, ila saruji hailalamiki, saruji haikuambii shusha hapo hapo dereva wakati umeshapita kituo, saruji haina mtoto anayetapika. Nimeona masuka waliotoka malorini, gari wanaliweza vizuri kabisa ila abiria wanamchukia ndani ya wiki maana anakanyaga breki kama kabeba kokoto.

Unataka kumjua suka mzuri usimwangalie usukani, mwangalie konda wake. Mimi nilikuwa nasimama katikati ya gari nahesabu chenji mikono miwili, sijashika bomba wala siti. Kuna suka mmoja ukimpandia unahesabu elfu hamsini nzima hujayumba. Yule anaona mbali, anaachia mafuta mapema, taa za barabarani akiziona nyekundu toka kulee anaanza kupungua taratibu gari linajikuta limesimama. Na kuna mwingine kila akisimama sarafu zangu zinatawanyika chini ya siti, nazifuata kama kuku wanadonoa. Sasa hilo huwezi kulijua ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, inabidi uwe umesimama nyuma kwanza. Ndo maana nasema ukonda ni shule.

Na udereva nilijifunzia hapo hapo. Nililipa chuo cha udereva nikawa na leseni ya kujifunzia, alafu tukimaliza kazi saa tatu usiku suka ananiachia naipeleka kuoshea yeye kakaa pembeni, gari tupu, mtaani kwetu hakuna magari. Mwezi mzima nimeendesha mita mia mbili tu 😂 ila zile mita mia mbili ndo zilinifundisha klachi.

Ila nisikudanganye kuhusu hela. Daladala ni hesabu. Kwetu tajiri anataka elfu themanini kila siku jioni, mafuta juu yetu, mwosha gari juu yetu, mpiga debe pale Sabasaba naye mkono wake unasubiri, ukipigwa faini asubuhi ujue siku hiyo mpaka saa nane mchana unamfanyia kazi trafiki. Kinachobaki ndo chenu wawili. Kuna siku naenda nyumbani na elfu thelathini, kuna siku naenda na elfu nne na mkate. Na mwanzo hawatakupa gari, utakuwa deiwaka, yaani unakaa kijiweni suka akiumwa au akiwa na msiba unapewa siku moja. Usiidharau deiwaka. Gari langu nimelipata kwa deiwaka, suka alienda Kondoa kuzika akakaa wiki mbili, tajiri akaona hesabu haijapungua na gari halina mkwaruzo.

Dada_wa_Stafu:

Mmesahau kumjibu alichouliza jamani, kauliza anaanzia wapi nyie mmempeleka Saranda na zabibu 😄

Kaka yangu mimi ni mwanamke, naendesha basi la wafanyakazi wa ofisi moja, asubuhi nawatoa Kisasa na Ilazo nawapeleka Mtumba jioni nawarudisha. Nilianza na D kama wewe. Naomba nikuambie mambo yalivyo huku kwenye makaratasi.

D yako ya 2020 imeshakomaa, nenda kaombe kupanda daraja, C1 ukitaka njia ya Konda au E ukitaka njia ya Mzee, zote mbili baada ya miaka mitatu zinakufikisha C. Ya kwanza kabla ya yote darasani. VETA, chuo cha ufundi stadi, hapa Dodoma ipo, na ukitaka kujifunza magari makubwa yenyewe wengi wanaenda VETA ya Kihonda Morogoro. PSV mimi nilifanyia NIT, chuo cha usafirishaji, pale Mabibo Dar, wiki mbili, nililala kwa shangazi. Nilienda nikidhani napoteza muda maana nimeshaendesha miaka, kumbe kuna mambo nilikuwa sijui hata moja, mfano ukipata ajali na majeruhi unaanza na nini, moto ukiwaka kwenye injini iliyoko nyuma abiria unawatolea wapi, na jinsi ya kuongea na abiria mlevi bila gari zima kuchafuka. Hayo yule jamaa wa laki tatu na nusu hakuuzii.

Baada ya hapo kuna kupima macho na afya, kuna jaribio la polisi wa usalama barabarani, wanakuendesha kweli, alafu unaenda TRA kulipia leseni, elfu sabini unakaa nayo miaka mitano. Ukishapata usijione umemaliza, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, nao wana mtihani wao wa kuthibitisha madereva, unafanyia kwenye kompyuta. Kuna wazee wameendesha miaka ishirini wamefeli mara mbili kwa sababu ya kuogopa mausi tu. Ukifaulu unasajiliwa, na kwenye mabasi ya mikoani unakuwa na kile kitufe cha utambuzi, ai-batani, unagusisha kwenye gari ukianza zamu, basi mfumo unajua kabisa nani yuko kwenye usukani. Ukizidisha mwendo gari linapiga kelele lenyewe, abiria wote wanasikia, na kule ofisini imeshaandikwa kwa jina LAKO. Zamani suka akikimbiza analaumiwa tajiri, sa hivi kila mtu na mzigo wake.

Kuhusu kazi yenyewe, usiangalie mabasi ya mikoani peke yake. Stafu basi na basi za shule hakuna anayezitamani ila mimi mwisho wa mwezi nna mshahara, silali njiani, na NSSF, akiba ya uzeeni, inaingia. Nimeanza kampuni moja ya mikoani, sitaitaja, nilipoomba niingizwe kwenye gari bosi akanijibu mbele ya watu wanawake usiku mnasinzia, wakati huo mpwa wake ndo alikuwa kaliingiza gari mtaroni wiki iliyopita saa nne asubuhi jua linawaka. Niliondoka. Na hata hapo kwenye kampuni walikuwa hawana mkataba, unalipwa kwa tripu, gari likiwa gereji wiki tatu na wewe uko gereji. Kwa hiyo popote utakapoenda omba mkataba wa maandishi, na ukipewa soma kama unachangiwa NSSF, na uulize kama mwajiri kajisajili WCF, mfuko wa fidia, maana ukiumia kazini ndo utakaokushika. Usione aibu kuuliza. Watakuona mjuaji, sawa.

Na mkeo mwambie kila stendi hakuna mke, kila stendi kuna choo cha kulipia na chipsi baridi.

Reli_na_Lami:

Naomba nichangie hapo kwenye treni maana naona kila mtu anakwepa.

SGR imeanza kubeba watu Dar mpaka Dodoma mwishoni mwa Julai 2024 na tarehe 1 Agosti ikazinduliwa rasmi. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na elfu 31, ile inayoenda moja kwa moja unafika chini ya saa nne. Basi kwa zile kilomita 450 hivi, Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze na foleni ya kuingia Dar ni siku nzima. Kwa hiyo ndio, ruti ya Dar imepigwa, asikudanganye mtu, nimeona mabasi yanaondoka na siti kumi na tano tupu siku ya Jumatano na suka kanuna.

Ila kuzikwa bado. Treni haiendi Kondoa wala Babati. Haiendi Iringa kupitia Mtera. Mtu wa Kibaigwa mwenye viroba vyake vya mahindi haendi kupanga foleni stesheni. Na kuna kitu vijana hamkioni, toka Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa 24 baada ya miaka mingi ya katazo, na dereva mmoja haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nane, safari ikizidi hapo wanatakiwa madereva wawili. Piga hesabu mwenyewe. Gari la kwenda Mwanza, Mbeya, Arusha, siti ya dereva wa pili ipo. Hiyo siti ndo mlango wako mkuu, wengi sa hivi wanaingilia hapo, unakaa na mzoefu unachukua kipande tambarare kwanza, kwa mfano ukitoka Manyoni kwenda Singida, ile milima anachukua mwenyewe.

Mzee_wa_Saranda:

Reli umesema kweli. Na nimwambie Konda kwamba nimemsoma, hayo ya chenji yameniuma maana mimi wa miaka ile ya mwanzo nilikuwa nawatawanyia sarafu 😂 Konda wangu alikuwa ananiambia kaka leo tumebeba viazi?

Hiyo ya siti ya pili kuna kitu kimoja naomba kijana ukisikie. Kulala. Watu wanadhani siti ya pili ni kukaa unaangalia barabara na kupiga stori. Hapana, kazi yako pale ni KULALA. Zamu yako ikiisha unalala, hata kama hujisikii unafumba macho. Nimeona vijana wanakaa macho kwenye zamu ya mwenzao kwa sababu ya mwanamuziki kwenye tivi na abiria mzuri siti namba tatu, wakishika usukani saa tisa usiku ndo usingizi unadai deni lake. Na deni hilo hulipi kwa kahawa wala maji usoni wala mirungi. Mirungi kwanza ni kosa kisheria, pili haiondoi usingizi, inauficha, unakuwa macho yapo wazi mtu hayupo. Nilishawahi kuendesha toka Igunga mpaka karibu na Shelui sikumbuki hata kijiji kimoja. Kimoja! Nikastukia Sekenke hiyo hapo mbele, mkono wangu wenyewe umeshaweka gia. Nilisimamisha gari pembeni pale chini nikawaambia abiria tairi ina shida, nikashuka nikazunguka gari mara tatu nagonga tairi kwa nondo, hazina shida yoyote, nilikuwa natetemeka tu. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo naandika hapa.

Alafu upepo wa breki. Nimesahau upepo. Asubuhi ukiwasha gari usiondoke mpaka mshale wa upepo umepanda, gari likilala upepo unashuka, na ukishuka sana njiani breki zinajikaba zenyewe unabaki katikati ya barabara na malori nyuma yako yanapiga honi. Na matanki yale yamwage maji kila siku. Hiyo kazi ataifanya tingo au fundi lakini wewe simama hapo uone kwa macho yako.

Kirikuu_Nzuguni:

Wakuu nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mke wangu. Hapo kwenye choo cha kulipia kacheka mpaka mtoto kaamka, nadhani tumeshapata ruhusa nusu.

Yule jamaa leo nimemwambia hapana. Mnajua kanijibu nini? Kaniambia basi leta laki tatu. Nikakaa kimya. Kafika laki mbili na nusu mwenyewe, mi bado nafunga turubai. Nikawaza leseni gani hii inapatana bei kama nyanya za jioni.

Sasa nimekaa na mke tukapiga hesabu, kibubu kinatosha ada ya darasa na nauli, kwa hiyo naenda njia ya C1. Mzee usinielewe vibaya, malori nayaheshimu ila mtoto bado mdogo nataka nilale nyumbani hii miaka mitatu. Konda nina swali kwako, hivi mtu ambaye ana leseni tayari akija kuomba ukonda hawamcheki? Na je tajiri atakubali konda anayeenda darasani?

Konda_Chang'ombe:

Watakucheka wiki ya kwanza, ya pili wameshasahau. Tajiri akisikia konda ana D anafurahi, siku gari likizima au suka kapitiwa kuna mtu wa kulisogeza. Cha kukuambia ni kimoja, vaa kiatu kilichofungwa, sio sendo. Mlango wa kosta umekula kucha zangu mbili.

Gari tunayopishana nayo ruti konda wake anaacha mwisho wa mwezi huu, anaenda kulima Bahi. Njoo Sabasaba alfajiri saa kumi na moja, siku yoyote isiyo Jumapili, uliza kosta ya bluu yenye kioo cha nyuma kilichopasuka kikagandishwa na selotepu. Suka wa ile ndo yule niliyekuambia wa kuhesabu elfu hamsini bila kushika bomba.

Kirikuu_Nzuguni:

Jumanne nipo hapo. Sasa kirikuu ya watu nitamwachia nani, maana bosi kaniambia nisiondoke mpaka nimletee mtu wa uhakika.

Bwana_Mlenda:

Mkuu D ninayo. Hesabu ni shilingi ngapi kwa siku na inakula mafuta kiasi gani?